Na Kisha?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu mzima anaposimuliwa ndoto ana kazi moja tu, nayo ni kusema maana yake. Sikufundishwa hivyo na yeyote. Niliokota tu, kama tunavyookota adabu na hofu za nyumba tulimokulia. Mtu anatoka chumbani asubuhi na uso mzito, anakaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, anasema ameota maji machafu, au ameota marehemu bibi yake anafagia lupango, yaani ua wa nyumba, na kabla chai haijachemka mkubwa mmoja ameshatoa hukumu: hayo maji ni ugonjwa, huko kufagia ni safari. Basi, tunakunywa chai. Ndoto imekwisha kazi yake, na aliyeiota hana zaidi la kusema.

Imani hiyo ilianza kulegea mahali ambapo sikuwa na habari napo, mbele ya kompyuta ya mtoto wa kaka yangu. Yeye na wenzake hukutana kwetu kuangalia zile filamu za katuni za Kijapani ambazo hapa Lubumbashi vijana huziita manga, iwe ni kitabu au ni filamu. Wanazinakili kwenye flash, wanapeana, wanazitafuta zile zenye sauti za Kijapani na maandishi ya Kifaransa chini, kwa sababu, wanasema, sauti za Kifaransa zinaiharibu roho ya kitu. Zipo wanazoangalia mara moja na kuzifuta ili kupata nafasi. Lakini ipo moja ambayo haifutwi, na kila anayeingia katika kundi lao lazima akalishwe mbele yake. Inaitwa Paprika.

Niliketi nao jioni moja ya mwezi wa kumi, wakati joto la hapa linapokuwa limekaa juu ya mabati likingoja mvua na ndani ya nyumba hakukaliki. Filamu haifiki hata saa mbili. Ni dakika 90 tu. Ilitengenezwa na Satoshi Kon, ikaonyeshwa kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2006, na hadithi yake imetoka katika riwaya ya Yasutaka Tsutsui ya mwaka 1993. Kuna chombo kiitwacho DC Mini. Ukikivaa kichwani, mganga wa akili anaweza kuiona ndoto yako, hata kuingia ndani yake. Daktari Atsuko Chiba, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo, akiingia katika ndoto za wagonjwa anageuka msichana mchangamfu mwenye nywele nyekundu, ndiye Paprika. Kisha chombo kinaibwa, na aliyekiiba anaanza kumimina ndoto ya mwendawazimu ndani ya vichwa vya watu walio macho.

Hapo ndipo nilipopotea. Mzee mmoja mwenye heshima zake anaanza kuongea maneno yasiyoshikana, kisha anakimbia na kujirusha dirishani huku anafurahi. Yanatokea maandamano: majokofu yanatembea, vyura wanapiga muziki, wanasesere, sanamu za dini, redio, vyote vinasonga mbele kwa shangwe bila kuulizana njia. Nikauliza, kama nilivyolelewa kuuliza, hii maana yake nini. Hakuna aliyeudhika. Msichana mmoja tu, bila kugeuza macho, aliniambia kwa upole, "Baba, bado. Angaria kwanza."

Nikaangalia. Umeme ulikatika katikati, wao wala hawakushtuka, betri ikaendelea kuibeba filamu. Nilikuja kuwaza baadaye kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile inayowekwa ndani ya betri za namna hiyo, inachimbwa katika nchi yetu, na sehemu kubwa katika ardhi hii ya Katanga. Madini yanatoka kwa malori kuelekea mpakani Kasumbalesa, na siku moja yanarudi yakiwa na ndoto ya Mjapani ndani yake. Lakini wakati ule sikuwaza hayo. Niliona aibu kidogo kwa kuwa peke yangu nisiyecheka.

Ilinichukua muda kuelewa ni nini hasa wanachokipenda, na bado sina hakika kama nimeelewa. Mwanzoni nilidhani wameitatua filamu na sasa wanajivunia ujuzi, kama mtu anayejua jibu la kitendawili akiwatazama wasiojua. Sivyo. Nilipowauliza mmoja mmoja, walinipa majibu yasiyofanana, na hakuna aliyejali kwamba hayafanani. Mmoja anasema filamu ni juu ya mapenzi yaliyofichwa. Mwingine anasema ni juu ya sinema yenyewe. Wa tatu, anayechora vizuri, alinifungulia daftari la shule ambamo kurasa za mwisho zote ni yale maandamano, ameyachora upya, na katikati ya majokofu na vyura amepenyeza mama mwenye beseni la mikate kichwani. Wanapoangalia, hawatulii. Wanangoja mahali fulani fulani, na pakifika wanapiga makofi: "Njo pale! Njo pale!" Wanarudisha nyuma, wanapaona tena. Muziki wa Susumu Hirasawa wanauimba kwa maneno wasiyoyajua. Ugomvi wao mkubwa ni kama Christopher Nolan, aliyetoa Inception mwaka 2010, aliichungulia hii kwanza: ile korido, ile hali ya ulimwengu kuguswa na kupasuka kama kioo. Mmoja anasema ni wizi mtupu. Mwingine anajibu kwamba ndoto haina hati ya kiwanja.

Na wanamjua Kon kama mtu anavyomjua ndugu aliyekufa akiwa ughaibuni. Wanajua kwamba saratani ya kongosho ilimchukua tarehe 24 Agosti 2010 akiwa na umri wa miaka 46, na kwamba aliacha filamu nyingine haijakamilika, nayo jina lake lilihusu ndoto. Wanajua aliandika barua ya kuaga iliyotolewa baada ya kifo chake. Walinisomea vipande vyake kwa Kifaransa, kwa sauti ya msibani, vijana ambao mwaka ule anakufa walikuwa bado watoto wadogo. Nilijiuliza huzuni hiyo wameitoa wapi. Nilikuwa karibu kuwacheka, kisha nikakumbuka kwamba na mimi nimewahi kuwalilia wanamuziki ambao hawakujua kama nipo.

Yale maandamano ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu, na nadhani najua sababu, ingawa huenda ni sababu yangu peke yangu. Magari mengi ya mji huu yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Yameshuka kwenye meli Dar es Salaam, yakapanda kupitia Zambia. Usukani wake uko kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, hivyo dereva wa taxi-bus anayetaka kulipita lori anaazima macho ya abiria wa kushoto. Ubavuni mwa baadhi ya Hiace bado kuna maandishi ya Kijapani, jina la duka, au la shule ya watoto pengine, na hakuna kati yetu anayeyasoma. Majokofu yanakuja vivyo hivyo, na redio, na televisheni. Katika filamu vitu vilivyotupwa vya Wajapani vinaamka na kuandamana, na watazamaji wa kwao, nafikiri, waliona mzaha na kitisho. Mimi niliona njia ya kwenda Kenya, mtaa wetu ule wenye jina la nchi, saa kumi na moja jioni. Nilipomweleza mtoto wa kaka yangu, alinyamaza kidogo. "Baba mudogo," akasema, "hiyo sikuwa nimeiona." Akaandika kitu kwenye simu yake, kuwapelekea wenzake.

Nakiri kwamba nilifurahi kuliko ilivyostahili. Lakini furaha yenyewe ilinifundisha jambo. Sikuwa nimetoa maana. Nilikuwa nimeongeza kitu changu kando ya vitu vyao, nacho kikapokelewa bila kuulizwa kama ni sahihi. Nilianza kushuku kwamba hapa palikuwa na namna ya kukaa na ndoto ambayo nyumba niliyokulia haikuwa nayo, au ilikuwa nayo zamani ikaisahau.

Maana mkoa huu si mgeni wa kusimuliana ndoto. Mnamo mwaka 1953, katika kambi za wafanyakazi wa migodi upande wa Kolwezi, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, yule aliyekuwa ametoa hapa mjini kitabu chake cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville, alianza kukutana na wafanyakazi na wake zao. Likazaliwa kundi lililojiita Jamaa. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyelichunguza katika miaka ya 1960, aliandika juu ya uzito wa ndoto ndani yake. Aliyekuwa njiani kuingia alisindikizwa na mume na mke waliomtangulia, baba na mama yake katika Jamaa, nao ndio waliosikia ndoto zake. Sisemi kwamba waliziacha bila kuzipima. Walizipima, kwani zilikuwa alama za hatua aliyofikia. Kinachonigusa ni mpango wa viti. Mwota ndoto hakuiacha ndoto mlangoni na kwenda zake. Alikuwa na watu wawili waliojifunga kumsikiliza leo na kesho, ambao nao waliwahi kusimulia zao kwa wengine.

Lakini siwezi kuitaja Jamaa kwa utamu bila kutaja upande mwingine ulio karibu nasi zaidi. Katika vyumba vya maombi vya miji yetu ya Kongo, ndoto inaweza kuwa ushahidi. Mtoto anasema usiku kuna mtu alimpa nyama akala. Mtoto huota chakula, hasa aliyelala bila kushiba, mtu yeyote aliyewahi kulala na njaa anajua. Lakini panapotawala hofu, nyama ya usiku ina tafsiri moja tu, kwamba amepewa ulozi, na kutoka hapo mambo yanakwenda kasi: kunyimwa chakula, kupigwa ili akiri, mwisho kufukuzwa barabarani. Mateso hayo yameenea kiasi kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliweka adhabu ya kifungo kwa anayemsingizia mtoto ulozi. Wabunge wa nchi nzima walilazimika kukaa na kuandika jambo ambalo limeanza, mara nyingi, na mtoto asiye na kosa akisimulia alichokiona usingizini, mbele ya mkubwa aliyekuwa na haraka ya kueleza maana.

Nilipofika hapo katika kuwaza kwangu niliogopa kidogo, kwa sababu hukumu za kando ya mbabula nyumbani kwetu hazikumfukuza mtu yeyote, zilikuwa za maji na ufagio. Hata hivyo mkono ni ule ule. Anayeitafsiri ndoto yako anashika kitu chako ambacho wewe mwenyewe hukishiki vizuri. Katika filamu, adui mkubwa anageuka kuwa mwenyekiti mzee wa kiti cha magurudumu, mtu anayejiona mlinzi wa ndoto. Anachukia chombo kile kwa sababu kinachafua mahali patakatifu, na kwa ajili ya kupalinda anapameza pote. Vijana wanamzomea kila akitokea. Mimi simzomei tena kwa nguvu. Naona jinsi mtu anavyoweza kuanza na heshima ya kweli na kuishia hapo.

Kinyume chake ni askari mpelelezi, Konakawa, ambaye mwanzoni sikumjali. Anarudiwa na ndoto moja: yuko kwenye sarakasi, mara yuko katika filamu ya Tarzan, mara ndani ya treni, na mwisho yuko kwenye korido ambamo mtu ameuawa, muuaji anatoroka, sakafu inakuwa laini, naye anaanguka asimfikie. Anasema hapendi sinema, na anasema hivyo kwa ukali unaomsaliti. Paprika anafanya nini? Anaketi naye, wanaitazama ndoto yake kwenye skrini, kama vijana hawa wanavyotazama. Anauliza kuliko anavyojibu. Anaingia pamoja naye tena na tena, hadi mwenyewe afike mahali alipokuwa hataki kufika: ujana wake, rafiki aliyekuwa akitengeneza naye filamu, ndoto waliyoianza wawili na ambayo yeye aliiacha, na rafiki akafa. Kwa hiyo aliyekuwa anamkimbiza katika korido alikuwa yeye mwenyewe. Filamu inamalizika akinunua tiketi ya sinema, ya mtu mzima mmoja. Hapo ndipo vijana wanaposhangilia kuliko mahali pote, kuliko hata kwenye maandamano. Kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini watoto wa miaka 19 na 20 washangilie mzee anayenunua tiketi.

Jibu moja linanijia, nalisema kwa tahadhari. Mji huu umejaa watu waliomaliza masomo na wanangoja. Wapo kati ya vijana hawa waliotaka kuwa wachoraji na wako kwenye somo la madini kwa sababu madini ndiyo yanayolipa, au yanayosemekana kulipa. Kila mmoja ameshaanza kitu na rafiki akakiacha, au anakaribia kukiacha. Nilikuwa na wasiwasi, na sijamaliza kuwa nao, kwamba wanajificha ndani ya ndoto ya mgeni kwa kukosa nafasi ya zao. Nilimwambia hivyo kaka yangu, naye akakubali upesi mno, kiasi kwamba nikatamani kuyarudisha maneno yangu. Kwa maana yule mwenye daftari hakuwa amejificha. Alikuwa anachora. Na wale wengine walikuwa wanakaa karibu naye wakiangalia anavyochora, wakimwambia ongeza hapa, acha pale. Huenda ushabiki, ninaouona kama kupoteza saa, ndiyo njia yao ya kumfanya mwenzao asiiache ile filamu ya ujanani. Huenda. Siku nyingine naona wanapiga kelele tu, na bili ya nyumba iko palepale.

Kilichobadilika kwangu ni kidogo na hakionekani kwa nje. Mtu akinisimulia ndoto siku hizi, ninajizuia. Maana inanijia haraka, imekaa mdomoni tayari, ni urithi. Naimeza na kuuliza, "Na kisha?" Mke wangu aliposikia swali hilo mara ya kwanza alinitazama kama mtu asiyepewa anachodai. Alikuwa ameota nyumba ya wazazi wake ina chumba ambacho hakikuwako, na alitaka nimwambie ni heri au shari. Nikauliza tena, na kisha? Akasema chumba kilikuwa na dirisha. Na kisha? Akaanza kueleza kilichoonekana dirishani, na tukafika kwa mdogo wake aliyezikwa Likasi, ambaye hatujamtaja nyumbani kwa miaka mingi. Hatukupata maana yoyote. Tulimzungumzia marehemu asubuhi nzima, na mke wangu akaenda sokoni amechelewa.

Sijui kama hilo ni bora kuliko hukumu fupi za wakubwa wangu. Hukumu fupi nayo ilikuwa na huruma yake. Ilimfungulia mtu siku yake, ikamwambia jambo limejulikana, inuka. Wapo wanaoamka na ndoto nzito wasiotaka kusindikizwa ndani yake tena. Wanataka tu mtu mwenye sauti nene aseme si kitu. Mama mmoja jirani, nilipomuuliza na kisha, aliniambia hakuna kisha, ninyamaze, nimwombee. Nikamwombea.

Tena najua kwamba subira yangu ni rahisi kwa sababu ndoto zote nilizosikia mpaka sasa zilihusu watu wengine. Hakuna aliyewahi kutoka chumbani asubuhi akasema mbele ya nyumba nzima kwamba usiku alikuja baba mudogo, na mkononi ana nyama. Siku hiyo, macho yote yakiwa yamenigeukia, na mzee mmoja ameshafungua mdomo kueleza, ndipo itajulikana kama nimejifunza kitu kwa hawa vijana. Sidhani nitakuwa na utulivu wa kumuuliza mtoto yule, kwa sauti ya kawaida, akaendelea. Natamani niwe nao. Nafanya mazoezi kwa ndoto za vyumba na madirisha, maana ndizo ninazoletewa.